Levi, Åre au Trysil: uende wapi kuteleza kwenye theluji kwa mara ya kwanza?

Anayepanga safari yake ya kwanza ya skii huanza kwa kuuliza mlima upi ni mkubwa. Swali hilo lina maana kwa mtu aliyekwisha kujua kuteleza. Wewe unayeanza, siku 3 za mwanzo utazimalizia kwenye kipande cha mteremko kisichozidi mita 200, ukipanda kwa mkeka wa umeme na kushuka kwa kuanguka. Kwa hiyo tumevilinganisha vituo 3 vya kaskazini kwa mambo yanayomgusa anayeanza: mwanga wa mchana, baridi, upepo, njia ya kufika, na hatua ngapi zipo kati ya mlango wa chumba chako na lifti ya kupandisha watu mlimani, ukiwa miguuni una buti zisizokunjika.

Levi iko Laplandi ya Ufini, juu ya Mstari wa Aktiki. Åre (hutamkwa "Oore") iko Jämtland, katikati ya Uswidi. Trysil iko mashariki ya Norwe, karibu na mpaka wa Uswidi, na ndicho kituo kikubwa kuliko vyote nchini humo.

Mwenye haraka achukue hili: familia yenye watoto wadogo, Trysil. Kundi ambalo wengine wanajua na wengine hawajui, Åre. Anayetaka mianga ya kaskazini (mwanga wa rangi unaocheza angani usiku), mbwa wa kuvuta sileji na kulungu wa kaskazini, huku skii ikiwa sehemu tu ya safari, Levi.

| | Levi | Åre | Trysil |
|---|---|---|---|
| Nchi na fedha | Ufini, euro | Uswidi, krona | Norwe, krone |
| Kilele | mita 531 | mita 1,420 (kibanda cha waya hufika 1,274) | mita 1,132 |
| Mshuko wa lifti | mita 325 | karibu mita 890 | karibu mita 685 |
| Miteremko | 43 | karibu 90 | karibu 70 |
| Uwanja wa ndege | Kittilä, kilomita 15 | Östersund, kama kilomita 90 | Scandinavian Mountains, kama kilomita 40 |
| Treni | hadi Kolari, kisha basi | hadi kijijini | hakuna |
| Kinachosumbua | giza na baridi | upepo | usafiri usipokuwa na gari |

Hofu ya kukosa pumzi mlimani iache nyumbani. Kilele cha Åreskutan, kirefu kuliko vyote kwenye jedwali, kiko karibu usawa mmoja na mji wa Arusha, na Nairobi iko juu zaidi yake.

Mwezi kwanza, mlima baadaye

Kosa tunaloliona mara nyingi ni watu kukata tiketi za Krismasi kwa sababu ndiyo likizo waliyo nayo. Levi, kwa wiki 3 hivi kuanzia Desemba hadi mwanzo wa Januari, jua halichomozi kabisa. Si giza totoro: kuna masaa machache ya mwanga wa buluu, na miteremko kadhaa ina taa. Lakini kujifunza chini ya taa, kwenye theluji ambayo matuta yake huyaoni vizuri, ni kazi. Åre kipindi hicho jua huchomoza karibu saa 4 asubuhi na kuzama kabla ya saa 8 na nusu mchana. Trysil iko kusini zaidi, unapata kama masaa 5 na nusu.

Mambo hubadilika haraka. Machi 20 hivi mchana na usiku hulingana dunia nzima, na Levi hupata masaa 12 ya mwanga kama Kampala. Aprili mchana wa Levi unaipita Trysil kwa urefu, na theluji bado imejaa, maana msimu wake huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei. Kwa hiyo Levi ambayo ni chaguo baya Desemba kwa anayeanza, ni chaguo zuri kabisa mwishoni mwa Machi. Anayetaka mianga ya kaskazini pia asione amechelewa: Machi usiku bado una giza la kutosha. Aprili inapokaribia kwisha ndipo giza linapotoweka.

Kuna jambo la pili la kalenda. Watu wa huko huhesabu mwaka kwa wiki, na bei hufuata namba hizo. Shule za Norwe hufunga wiki ya 8 na ya 9. Ufini ni wiki ya 8, 9 na 10 kwa zamu, kusini wakitangulia. Uswidi ni kuanzia wiki ya 7 hadi ya 10, na Stockholm ni wiki ya 9. Wadenmark nao hufunga wiki ya 7 au ya 8, kwao hakuna milima, na wengi wao huishia Norwe na Uswidi. Kwa hiyo kuanzia katikati ya Februari hadi mwanzoni mwa Machi, foleni za lifti ni ndefu, vyumba ni ghali, na darasa la asubuhi la wanaoanza hujaa kabla hujafika. Pasaka ni vivyo hivyo, hasa Norwe. Wiki tunazozipenda ni mbili: ya 3 au ya 4, Januari, kwa anayevumilia baridi, na ya 11 au ya 12, Machi, kwa kila mtu mwingine.

Kufika

Hapa Åre haina mpinzani. Unapanda treni ya usiku Stockholm, unalala, asubuhi unashuka kwenye stesheni iliyo katikati ya kijiji, na lifti unaziona ukiwa bado kwenye behewa. Huna haja ya gari wiki nzima. Wanaokuja kwa ndege huteremka Östersund, au Trondheim upande wa Norwe, kama kilomita 130. Ukipitia Trondheim, kagua ratiba ya treni au basi la kuvuka mpaka kabla ya kulipia ndege, maana safari za siku si nyingi.

Levi ni ndege: Helsinki hadi Kittilä ni kama saa 1 na nusu, kisha basi la dakika 20 hivi. Ukichelewa kukata tiketi, ndege hiyo hupanda bei vibaya. Dawa yake ni treni ya usiku hadi Kolari, stesheni ya kaskazini kuliko zote Ufini, na kutoka hapo basi la kama kilomita 80. Familia ya watu 4 ikichukua vyumba 2 vya kulala kwenye treni mara nyingi hutumia pungufu ya ndege, na usiku mmoja wa hoteli umeokolewa.

Trysil ni ya wenye gari. Kutoka Gardermoen, uwanja wa ndege wa Oslo, ni mwendo wa masaa 2 na nusu hivi kwenye barabara nzuri. Basi lipo, lakini ukifika utagundua nyumba nyingi za kupanga zimetawanyika pande 3 za mlima, na duka la chakula liko bondeni. Uwanja mdogo wa Scandinavian Mountains ulifunguliwa Desemba 2019 upande wa Uswidi. Ndege zake ni chache na za msimu, ila ukipata inayokufaa unaokoa nusu siku. Gari la kukodi msimu huo huja na tairi za theluji, hilo halina mjadala. Kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, fika mchana, ongeza mara 3 nafasi unayoacha mbele yako, na ukianza kuteleza usikanyage breki kwa hofu wala kukata usukani: ondoa mguu kwenye mafuta, elekeza magurudumu unakotaka kwenda, subiri.

Mteremko wa kuanzia

Norwe na Uswidi hupaka rangi 4: kijani ni rahisi kabisa, kisha bluu, nyekundu, nyeusi. Ufini bluu ndiyo ya rahisi. Kwa hiyo aliyetoka Trysil akasema "nimeshateleza bluu" na aliyetoka Levi akasema hivyohivyo hawasemi kitu kimoja.

Trysil hushinda hapa kwa jambo moja: baada ya uwanja wa watoto na mikeka ya umeme, kuna miteremko ya kijani mirefu inayozunguka mlima taratibu ndani ya msitu. Siku ya 3 au ya 4 unaweza kupanda juu na kushuka dakika nyingi mfululizo bila kukutana na mahali pa kukutoa jasho la hofu. Anayeanza anahitaji hicho hasa: urefu bila ukali.

Åre imegawanyika. Eneo la Björnen limetengenezwa kwa ajili ya watoto na wanaoanza, na ni zuri. Miteremko iliyo juu ya kijiji chenyewe ni mikali: ndiyo iliyobeba mashindano ya dunia ya 1954, 2007 na 2019. Anayepanga chumba kijijini kwa sababu ya mikahawa, halafu darasa lake likawa Björnen, atapanda basi la skii kila asubuhi. Na mara nyingi mwenzako anayejua atakuambia "twende juu, kuna njia rahisi ya kurudi." Ipo. Ila mwisho wa siku njia hizo hujaa watu na kuchakaa hadi barafu ngumu, na wewe mapaja yamekwisha. Shuka kwa gondola, yaani kibanda cha waya, hakuna aibu yoyote.

Levi ni ndogo, na kwa anayeanza udogo ni faida. Mteremko wa mbele unaishia katikati ya kijiji. Mshuko wa mita 325 haukuchoshi, na ukipotea unaishia palepale. Kila Novemba mbio za slalomu (kushuka kwa kupinda kati ya nguzo) za Kombe la Dunia hufanyika hapo, na mshindi hupewa kulungu wa kaskazini, mzima, mwenye pembe zake. Tatizo la Levi ni kwamba sehemu kubwa ya lifti zake ni za kukokota.

Lifti ya kukokota ndiyo inayowaangusha wanaoanza kuliko mteremko wenyewe, katika vituo vyote 3, basi tuisimamie kidogo. Ni waya unaozunguka juu ukiwa na fimbo zinazoning'inia, kila moja ina mtambaa mwishoni, yaani kipande kilichokaa mkingamo. Mtambaa huo unakaa nyuma ya mapaja, chini ya makalio, na kazi yake ni kukusukuma. Anayeanza huona kitu nyuma yake akadhani ni kiti. Anakaa. Fimbo ina kamba inayorefuka, kwa hiyo inashuka naye hadi chini, na foleni yote inasimama. Kwa hiyo: simama wima, magoti yamelegea, skii sambamba zikielekea juu, fimbo zako za skii zote mkono mmoja. Acha ikuvute. Ukianguka, achia mara moja na ubingirike pembeni ya njia, maana anayefuata yuko sekunde chache nyuma yako. Mkipanda wawili, aliye mrefu sana na aliye mfupi sana wasichanganywe: mtambaa unamkaa mmoja magotini na mwingine mgongoni.

Kama moyo wako uko kwenye skii nyembamba za masafa, za kwenda mwendo mrefu badala ya kushuka mteremko, Levi inaongoza waziwazi: ina zaidi ya kilomita 200 za njia zilizochongwa, na huhitaji pasi ya lifti. Usidhani pumzi za mkimbiaji zinatosha. Mkenya Philip Boit, mkimbiaji hasa, alipelekwa Ufini 1996 kujifunza, na kwenye Olimpiki ya Nagano 1998 alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa mwisho, huku bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe akimsubiri kwenye mstari amkumbatie. Mapafu hayakuwa tatizo. Mizani juu ya skii hujengwa kwa miaka.

Baridi na upepo si kitu kimoja

Levi Januari na Februari, nyuzi 15 chini ya sifuri ni siku ya kawaida, na chini ya 30 hutokea. Wilaya hiyohiyo ya Kittilä ndiyo yenye rekodi ya Ufini: nyuzi 51.5 chini ya sifuri, kijiji cha Pokka, Januari 28, 1999. Lakini ni baridi kavu na mara nyingi tulivu. Tena siku za namna hiyo hewa nzito ya baridi hulala bondeni, na juu kilimani kunakuwa na nafuu ya nyuzi kadhaa. Anayechungulia kipimajoto cha kijijini akabaki chumbani amejipunja.

Åre ina baridi ndogo zaidi kwa sababu pumzi ya Atlantiki inaifikia, na hapo ndipo penye mtego. Upepo ukivuma, lifti za juu zinafungwa, wakati mwingine siku nzima, na watu wote wanashuka kubanana kwenye lifti za chini. Nyuzi 8 chini ya sifuri kwenye kilele kilicho wazi huuma kuliko nyuzi 18 za Levi. Angalia kasi ya upepo kwenye programu ya kituo kabla ya kifungua kinywa. Trysil iko bara, baridi yake ni ya katikati, na msitu unaifunika miteremko mingi ya chini.

Mkitazamana usoni kila mnapofika juu mtajiepusha na mengi. Doa jeupe kwenye pua, shavu au ncha ya sikio ni ngozi inayoanza kuganda. Lifunike kwa kiganja chenye joto, ingieni ndani. Usisugue, na anayekuambia usugue kwa theluji msamehe tu. Kwenye ngozi nyeusi doa hilo huonekana kama kijivu au majivu, kwa hiyo usitegemee macho peke yake: ganzi ikija, ni lilelile.

Chumba

Kilomita moja kwenye ramani ni kitu kidogo. Ukiwa umebeba skii zako na za mtoto, na buti zinateleza kwenye lami yenye barafu, mita 300 ni safari. Kwenye matangazo tafuta neno la kuingia na kutoka kwa skii, kisha hakikisha lifti iliyo karibu ni ya wanaoanza, si ya mteremko mweusi. Trysil nyumba za namna hii ni nyingi. Levi unaweza kukaa kijijini ukatembea kwa miguu kwenda kila mahali, na vyumba vingi vya kupanga vina sauna ndani, jambo linaloyasaidia mapaja kuliko dawa yoyote. Uswidi na Norwe, uliza kama kuna kabati la kukaushia: glavu zisipokauka usiku, siku inayofuata imeharibika.

Bei unayoiona mara nyingi haina shuka wala usafi wa mwisho. Unaleta shuka zako au unakodi, na unasafisha mwenyewe au unalipa. Åre na Trysil vyumba vingi huuzwa kwa vipande vya Jumapili hadi Alhamisi na Alhamisi hadi Jumapili. Kipande cha kwanza ni nafuu, na miteremko ina nafasi.

Fedha

Kwa kupanga tu, mtu mzima aweke euro 250 hadi 350 za pasi ya lifti ya siku 6, na 130 hadi 200 za kukodi skii, buti, fimbo na helmeti. Tofauti kati ya vituo hivi kwenye mistari hiyo 2 si kubwa. Åre na Trysil, ambavyo viko chini ya kampuni moja, bei hupanda kadiri siku inavyokaribia, na watoto chini ya miaka 7 hupanda lifti bure ilimradi wavae helmeti. Pengo liko kwenye chakula. Norwe ni ghali kiasi kwamba wenyeji wenyewe wa Trysil huvuka mpaka kununua nyama Uswidi. Pikeni nyumbani, bebeni chai kwenye chupa ya joto.

Siku ya kwanza usinunue pasi ya mlima mzima. Ulizia kama eneo la wanaoanza lina pasi yake au ni bure.

Viza na bima

Anayeishi Ulaya kwa kibali cha nchi ya Schengen aruke kipande hiki. Wengine: nchi zote 3 zimo Schengen, ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na hairudishwi ukinyimwa. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, si unakotua: ukiteremka Trondheim ukaenda Åre, ombi ni la Uswidi. Nchi hizi huwakilishana kwenye balozi, kwa hiyo hakikisha ni ubalozi upi unapokea ombi la nchi yako. Chumba chukua chenye ruhusa ya kufuta.

Bima ya viza lazima ifike euro 30,000, lakini nyingi huitoa skii nje bila kulisema kwa sauti. Soma sehemu ya michezo ya hatari. Unataka maneno mawili: michezo ya majira ya baridi na uokoaji mlimani. Namba ya dharura Uswidi na Ufini ni 112. Norwe gari la wagonjwa ni 113.

Vifaa: nunua nini, kodi nini

Nunua vya karibu na ngozi, kodi vilivyobaki. Pamba iache: ikishalowa jasho haikauki, na kwenye lifti ya viti inakugandisha. Fulana na suruali ya ndani za sufu au nyuzi za plastiki, sweta jepesi, koti na suruali visivyopitisha maji. Soksi jozi moja, ndefu, nyembamba. Anayevaa jozi mbili kwa kuogopa baridi hubana damu, na vidole hupoa haraka zaidi.

Nywele zipangwe kabla ya safari. Helmeti haikai juu ya kibutu wala rasta zilizofungwa utosini; mistari ya kulala kichwani au misuko inayoshuka mgongoni ndiyo inayopita. Anayevaa ushungi achukue ule mwembamba wa kuvuta kichwani, usio na pini, na helmeti aijaribu ukiwa juu yake.

Chukueni vifaa jioni ya kuamkia siku ya kwanza. Maduka mengi hayahesabu jioni hiyo. Namba ya buti ni urefu wa mguu kwa sentimita: mguu wa sentimita 27 ni buti 27. Ivae, piga kisigino nyuma, funga. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti virudi nyuma. Hakuna kitu kingine ndani ya buti zaidi ya mguu na soksi, hata pindo la suruali ya ndani. Skii za anayeanza ziishie kati ya kifua na kidevu.

Kisha fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na kama umewahi kuteleza. Kwa majibu hayo anakaza vibanio vinavyoshika buti kwenye skii. Vikiwa vimelegea, skii inachomoka katikati ya kona. Vikikazwa kupita kiasi, unaanguka na skii haichomoki, na goti ndilo linalozunguka badala yake. Kwa hiyo uzito utaje ule wa kwenye mizani, hata kama shemeji yuko nyuma yako kwenye foleni anasikia.